Likizo Morogoro: Safari Hii Mama Naye Apumzike

Tuliondoka stendi ya Msamvu saa nne asubuhi, na mpaka basi linaingia Chalinze hakuna neno lililokuwa limepita kati yetu wawili. Watoto walikuwa wamelala. Ilikuwa Desemba 2022, nasi tulikuwa tunarudi Dar es Salaam kutoka Morogoro, kwenye likizo ya siku sita, ya kwanza ya familia tangu tuoane. Wachuuzi waliposogea madirishani na korosho na mayai ya kuchemsha, mmoja wetu alisema kwa moyo mweupe, "Tumepumzika vizuri, au siyo, mama watoto?" Mwenzake aliendelea kutazama nje. Kisha akajibu taratibu, "Wewe umepumzika."

Wapendwa wasomaji, makala haya tumeyaandika wote wawili, mume na mke, lakini hamtapata shida kujua ni nani aliyesema lipi. Tumeona tuwasimulie jinsi tulivyoiharibu likizo ile, na jinsi tulivyoipanga nyingine miaka miwili na nusu baadaye, katika mji ule ule na chini ya milima ile ile ya Uluguru. Huenda ikawasaidia akina mama wengi ambao likizo ikikaribia huanza kuchoka kabla haijafika.

Tulikosea wapi?

Jibu lake halikupatikana siku ile. Lilichukua jioni kadhaa za mazungumzo, na mengine hayakuwa matamu.

Kwanza, tulifikia kwa ndugu. Si vibaya kufikia kwa ndugu, tena ni heshima; lakini nyumba ile ilikuwa na watu wake sita, nasi tukaongeza watano. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama wa familia yetu alishika jembe siku ile ile ya kwanza, kwa kuwa mwanamke mwenye adabu hawezi kukaa barazani huku wifi yake anahangaika jikoni peke yake. Alikuwa amebadilisha jiko tu. Kazi ilikuwa ni ile ile, na sufuria zilikuwa kubwa zaidi.

Pili, tulitaka kumaliza kila kitu. Mbuga ya Mikumi siku moja, mlima siku ya pili, kutembelea jamaa siku ya tatu, maporomoko ya maji siku ya nne. Kila asubuhi ilianza kwa amri: amka, oga, kunywa chai, twende. Tatu, hatukufikiri habari za mvua. Ilitunyeshea njiani tukiwa hatuna hata mwavuli mmoja, na mtoto wetu mdogo akashikwa na homa siku mbili. Usiku alikesha naye nani? Mnajua wenyewe.

Kosa lililo kubwa kuliko yote ni kwamba hatukuulizana. Baba alipanga safari akitaka kuwafurahisha watu wake, naye alifanya hivyo kwa upendo. Mama alinyamaza ili asionekane mtu asiye na shukrani. Upendo wa mmoja na ukimya wa mwingine vilitufikisha Chalinze tukiwa hatusemezani.

Kikao cha sebuleni

Miaka miwili ilipita bila mtu kutaja neno likizo. Januari 2025, Jumapili moja baada ya ibada na chakula cha mchana, tuliwaketisha watoto sebuleni tukawauliza swali moja: "Kama tungesafiri tena, ni kitu gani kimoja tu ambacho ungependa kukipata?"

Kitinda mimba wetu, mwenye miaka sita, alitaka kupanda treni ya umeme. Kaka yake wa miaka kumi na mmoja alitaka mto wa kuchezea ambao hauna mamba. Dada yao mkubwa, anayesoma kidato cha pili katika shule ya bweni, aliinua mabega akasema, "Kulala mpaka nichoke." Baba alitaka kufika juu ya kilele cha Bondwa, maana mwaka ule mwingine mvua ilimrudisha. Mama alipoulizwa alicheka kidogo, akasema, "Nisipike. Hata chai."

Watoto walicheka. Baba hakucheka. Aliandika maneno yale kwenye daftari pamoja na mengine, na daftari hilo ndilo lililokuwa mpango wetu. Tunawashauri nanyi mfanye hivyo. Kila mtu ataje jambo moja tu, na mama asiwe wa mwisho kuulizwa, kama tulivyofanya sisi.

Fedha ilikuwa suala la pili. Tulipunguza siku kutoka sita hadi tano, tukaanza kuweka kidogo kidogo kwenye kibubu kila mwisho wa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba. Tuligawa matumizi katika mafungu matano: nauli, malazi, chakula, matembezi na akiba ya dharura. Fungu la malazi na chakula ndilo lililokula zaidi, kwa sababu tuliamua kulala mahali ambapo mtu mwingine anapika. Ili kulilipia tuliacha Mikumi. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati yake. Haitahama, tutaiona mwaka mwingine.

Wakati gani, na kwa usafiri gani?

Morogoro mjini iko takriban meta 500 juu ya usawa wa bahari, na milima imesimama nyuma yake kama ukuta. Masika huanza Machi na kwenda hadi Mei. Wakati huo njia za milimani huteleza, na vijito huvimba ghafla. Juni hadi Agosti ni miezi ya ukavu na ubaridi, nayo huangukia likizo ya shule ya katikati ya mwaka. Tulichagua mwisho wa Juni. Lakini fahamuni kwamba upande wa mashariki wa milima, unaotazama bahari, hupata mvua karibu mwaka mzima. Kwa hiyo koti la mvua halikai nyumbani hata mwezi wa saba.

Kutoka Dar es Salaam ni kilometa zipatazo 190. Kwa barabara, foleni ya kutokea mjini hadi Kibaha inaweza kuwachosha watoto kabla safari haijaanza vizuri. Tangu Juni 14, 2024 ipo treni ya umeme inayofika Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili au zaidi kidogo, ikipita Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima. Kateni tiketi mapema wakati wa likizo za shule, maana hujaa. Tena kumbukeni kwamba stesheni mpya iko Kihonda, si katikati ya mji, kwa hiyo wekeni kando fedha ya teksi au bajaji.

Kitinda mimba wetu alipata haja yake ndani ya saa ya kwanza ya likizo. Alibandika pua dirishani mpaka tunafika.

Mahali pa kulala

Morogoro ni mji wa vyuo na wa misheni za siku nyingi, kwa hiyo pamoja na hoteli kubwa kuna hosteli za makanisa na nyumba za wageni zilizo safi na tulivu. Sisi tulilala kwenye moja ya hosteli hizo. Vyumba viwili, vyandarua vizima, chai ya asubuhi imo ndani ya bei, na ua wenye miembe ambapo watoto wangeweza kukimbia bila kuogopa magari.

Kabla ya kulipa tulipiga simu kuuliza mambo manne: Je, maji yapo muda wote? Je, chakula cha jioni kinapatikana hapo hapo? Je, watoto watatu wanaweza kulala chumba kimoja? Je, tukichelewa kuamka, chai itakuwepo hadi saa ngapi? Swali la mwisho lilimchekesha mhudumu, lakini kwetu lilikuwa la maana sana.

Ndugu zetu hatukuwatupa. Tuliwatembelea Jumapili baada ya ibada, tukiwa na zawadi mkononi, tukala pamoja na kuondoka jioni. Wifi alisema hajawahi kuongea na mke wa kaka yake kwa kirefu namna ile, kwa sababu miaka yote walikuwa wakiongea wakiwa wameinamia sufuria.

Jambo moja kwa siku

Hii ndiyo kanuni iliyotuokoa. Alhamisi tulifika, tukala, tukalala, basi. Ijumaa ilikuwa ya mlima. Jumamosi soko, na alasiri Rock Garden, mahali chini ya mlima ambapo mto hupita katikati ya mawe makubwa na watoto huweza kuchezea maji. Jumapili ibada na ndugu. Jumatatu tulirudi. Saa zilizobaki hazikuwa na kazi, na hatukuona haya kuziacha hivyo. Hata Bwana wetu, wanafunzi wake waliporudi wamechoka na watu wamewasonga hata wasipate nafasi ya kula, aliwaita waende mahali pa faragha wapumzike kidogo (Marko 6:31).

Jioni ya kwanza mama alikaa chini ya mwembe na kikombe cha chai ambacho hakukichemsha yeye. Alituambia baadaye kwamba kwa nusu saa nzima alikuwa akitaka kuinuka, hajui aende wapi. Mikono yake ilikuwa inatafuta kazi. Akina mama, msishangae likiwapata hilo. Kupumzika nako ni jambo la kujifunza.

Njiani kwenda Morningside

Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima mikongwe unaoanzia Taita huko Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Kilele kirefu kuliko vyote, Kimhandu, kina zaidi ya meta 2,600. Vinavyoonekana kutoka mjini ni Lupanga, na Bondwa yenye minara ya mawasiliano. Misitu ya juu imehifadhiwa kisheria kama hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008. Kuingia humo kunahitaji kibali na kiingilio, na ni busara kumchukua mwongozaji mwenyeji. Humo wamo viumbe wasiopatikana popote pengine duniani. Mmojawapo ni chozi wa Uluguru, ndege mdogo anyonyaye asali ya maua.

Sisi tulilenga Morningside, jengo la zamani la enzi ya Wajerumani lililo mlimani juu ya mji. Mtu mzima hufika kwa saa mbili hivi. Sisi tulijipa saa nne. Tuliondoka saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijakolea. Njia ilipita kwenye migomba na mashamba ya maharage yaliyoshikilia mteremko, na kila mara kijito kilikatiza mbele yetu. Mwongozaji aliwaambia watoto kwamba maji haya ya Uluguru ndiyo yanayolisha mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Kijana wetu alisimama. Aliukumbuka mgao wa maji wa mwishoni mwa 2022, Ruvu ilipopungua kwa ukame, alipokuwa akibeba ndoo kutoka kwa jirani. "Kumbe yanatoka hapa?" alisema, akaingiza mkono majini.

Karibu na saa nne tulikuwa bado hatujafika Morningside. Kitinda mimba alikuwa mgongoni kwa mwongozaji. Ukungu ulikuwa umeondoka juu ya Bondwa na minara ilionekana wazi kabisa. Baba alikuwa mbele na kijana wetu, akipiga hesabu: wengine wakibaki Morningside, yeye akikaza mwendo, angefika kileleni na kurudi kabla ya giza. Alisubiri siku ya namna hii kwa miaka miwili na nusu.

Aligeuka kutuita. Akaona mama na binti yetu mkubwa wamekaa juu ya jiwe kando ya kijito, miguu ndani ya maji, na binti analia.

Binti yule alikuwa ameanza kusema bila kuulizwa. Muhula mzima wasichana wakubwa wa bweni lake walikuwa wakimnyang'anya chakula na sabuni, na usiku wakimtuma kuwafulia nguo. Tulipokuwa tukipiga simu alijibu "niko salama," kwa sababu simu zilipokelewa mbele za watu. Hakutaka kurudi, na hakujua aseme vipi, maana anajua ada tunavyoihangaikia. Mama alimuuliza kwa nini hakutuambia nyumbani, wiki mbili zote tangu shule ifungwe. Akasema, "Nyumbani kila mtu ana haraka."

Baba alirudi chini. Hakuuliza kitu. Aliweka mfuko wake, akavua viatu, akakaa upande wa pili wa binti yake, na miguu yetu sita ikawa ndani ya kijito kimoja. Tulikaa pale mpaka saa sita. Tulikula mayai na ndizi, tukarudi mjini. Morningside hatukufika, na Bondwa ndiyo kabisa. Hatujawahi kuwa na siku nzuri zaidi ya ile.

Hatusemi kwamba mlima hutibu matatizo. Tunasema kwamba mtoto mwenye jambo zito husubiri saa ambayo wazazi wake hawana pa kwenda, na katika nyumba nyingi, yetu ikiwamo, saa hiyo haipo. Kama tungekuwa tunakimbilia kilele, huenda angebaki nalo.

Wanawake wa Uluguru

Jumamosi tulikwenda sokoni na vikapu. Morogoro watu huiita mji kasoro bahari, na ukifika sokoni utaelewa, maana kila kitu kipo. Kutoka Mgeta huja karoti, kabichi, njegere na viazi. Kutoka upande wa Matombo na Kinole huja ndizi, mananasi na viungo. Bibi mmoja aliyetuuzia mdalasini aliitikia shikamoo za watoto mmoja mmoja, kisha akamtazama mama akasema, "Mwanangu, umechoka wewe." Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kushuka mlimani kabla ya jogoo kuwika.

Kwa Waluguru, ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo kwa desturi hupita huko. Ukiwaona wanawake wale wakishuka na mizigo kichwani, usidhani wanabeba mali ya mtu mwingine tu. Tulimnunulia bibi yule soda, akainywa akiwa amekaa nasi, bila haraka, huku biashara yake ikimsubiri. Alitufundisha jambo hata hapo.

Mambo ya kukumbuka

1. Fungasheni sweta kwa kila mtu, makoti ya mvua, raba zenye kushika ardhi, kofia, na nguo za kubadilisha baada ya kuchezea maji. Mama asifungashe peke yake. Kila mtoto anayejua kusoma apewe orodha yake.

2. Bebeni dawa za homa na za kuharisha, plasta, na dawa ya kufukuza mbu. Mji uko chini na malaria ipo. Laleni ndani ya chandarua.

3. Milimani msiende bila mwenyeji, msinywe maji ya kijito bila kuyachemsha, na geukeni mapema. Giza huingia upesi msituni.

4. Gaweni kazi kabla ya kuondoka. Kwetu baba alishika fedha na tiketi, kijana maji ya kunywa, binti viatu na taulo za wadogo. Mama hakupewa kitu, na tulipitisha jambo hilo kwa kura.

5. Simu moja tu ndiyo ibaki wazi, kwa dharura.

6. Acheni siku moja ya kupumzika nyumbani kabla ya kurudi kazini. Nguo chafu nazo zina siku yake.

Turudipo nyumbani

Kabla muhula haujafunguliwa tulikwenda shuleni, wazazi wote wawili pamoja na binti yetu. Mwalimu alitusikiliza, akachunguza, na binti akahamishiwa bweni lingine. Tulikubaliana naye neno moja la siri la kusema kwenye simu, ambalo maana yake ni "njooni." Hajalitumia mpaka leo, lakini analo.

Nasi wazee tumebaki na kitu. Kila Jumamosi jioni mama hapiki. Chakula hupikwa na baba na watoto, na siku nyingine huwa ni ugali ulioungua. Yeye hukaa barazani na chai aliyoandaliwa, na kijana wetu amepaita mahali pale Morningside.

Basi, mama msomaji, kabla likizo ijayo haijafika, waketishe watu wako sebuleni na uwaulize kila mmoja anataka nini. Wewe usinyamaze. Safari hii jitaje wa kwanza.